Doa la Kijani Kwenye Ndevu: Kisa cha Kibabu Mmoja wa Sufu na Shaba

Picha zilinifikia jioni ya Jumatatu moja ya Januari, wali wangu ukiwa motoni. Zilikuwa tatu. Ya kwanza kibabu mzima, mwanasesere wa ndevu niliyemshona na kumuuzia mteja mmoja, amekaa kwenye rafu juu ya birika la umeme. Ya pili kofia yake, ina gia nne na alama ya gundi pale ilipokuwa ya tano. Ya tatu ndiyo iliyonifanya nizime jiko: ndevu zile nyeupe, chini ya kipimo cha mvuke cha pambo kilichoko tumboni, zilikuwa na doa la kijani lenye upana wa ndimu iliyokatwa. Mteja hakuandika kwa ukali. Aliuliza mambo mawili tu: je, lile doa lina sumu, maana ana paka anayependa kulala hapo karibu, na je, akilifua litatoka?

Nilimjibu usiku uleule. Ile ni chumvi ya shaba, si kitu cha kulambwa na paka wala mtu. Asifue. Amtie kibabu kwenye mfuko, nitamfuata mwenyewe Jumamosi. Alikuwa amekaa kwake miezi mitatu na siku kadhaa.

Nakieleza kisa hiki chote kwa sababu sisi tunaoshona vibabu tunafundishana sana kukata kofia na kuchambua ndevu, lakini pale ambapo kazi hufia, yaani pale shaba inapolala juu ya sufu, tunapapita mbio. Mimi nilipapita mbio, na nimeona matokeo yake.

Kwa asiyewajua: nomu ni yule kizee mfupi wa ndevu ndefu na kofia ya ncha ambaye Wazungu humweka bustanini au juu ya meko. Nyumbani kwangu watoto walimpa jina la kibabu, nami nimelishika. Wana koo mbili. Ukoo wa udongo ni wa Ujerumani. Gräfenroda, huko Thuringia, Philipp Griebel alikuwa akiwafinyanga tangu miaka ya 1870. Kabla yake, katika miaka ya 1840, Sir Charles Isham aliagiza 21 kutoka Ujerumani akawapanga kwenye bustani yake ya mawe Lamport Hall, Northamptonshire, hapa Uingereza. Kati ya hao 21 amebaki mmoja, anaitwa Lampy. Ukoo wa pili ni wa kitambaa, nao umetoka Skandinavia: Waswidi humwita tomte, Norwei na Denmaki ni nisse, mlinzi wa zizi na ghala ambaye usiku wa Krismasi huwekewa bakuli la uji wenye siagi juu. Huyu wa kitambaa hana macho. Kofia imemshukia hadi puani, na chini ya pua ni ndevu tu.

Mimi nashona wa ukoo wa pili, kwa mtindo wa stimpanki. Neno hilo lilizaliwa mwaka 1987, mwandishi mmoja wa Marekani alipotafuta jina la hadithi ambazo ndani yake mashine za mvuke za enzi ya Malkia Victoria ndizo zinazoendesha dunia. Mtu wa Mombasa halimpi tabu, kwani stima kwetu ilikuwa meli ya moshi kabla ya kuwa umeme. Tangu 2009 mji wa Lincoln, hapa Uingereza, umekuwa ukijaa watu wa mtindo huu siku chache za mwaka: kofia ndefu, miwani ya rubani, mikono ya bandia ya shaba na ngozi. Huko ndiko nilikomwona kibabu wa kwanza mwenye gia kofiani, na tangu siku hiyo sijatulia.

Sasa fikiria. Lampy ni udongo mtupu, kitu kimoja kutoka kisogoni hadi viatuni, ndiyo maana amefika hapa alipofika. Kibabu wangu ana sufu, ngozi, mbao, kioo, shaba ya njano na gundi za aina tatu. Kila kimoja kina tabia yake, nami nimevifunga chumba kimoja.

Alivyotengenezwa

Urefu wake ulikuwa sentimita 38, zaidi ya nusu ikiwa kofia. Mwili una umbo la pia ya kuchezea, ni wa sufu nene ya kijivu iliyojazwa pamba ya mito, na chini nimetia mfuko wa kokoto ndogo ili asipinduke. Wengine hutia mchele. Nakuomba usitie, fukusi hawachagui kati ya gunia na kibabu. Pua ni shanga ya mbao. Ndevu ni za kondoo wa Wensleydale, kondoo wa Yorkshire mwenye manyoya marefu yanayojisokota yenyewe kama nywele zilizosukwa zikafumuliwa. Ni ghali, na sijapata ndevu nzuri kuzishinda.

Shaba ilikuwa mahali patatu. Zishike tofauti zake, kwa kuwa ndizo zilizotoa jibu baadaye.

Miwani: pete mbili za shaba za fundi bomba, zile za bomba la milimita 22, zimegundishwa kwa epoksi kwenye ukanda wa ngozi. Hizi sikuzizeesha, zilikuwa na rangi yake ya dukani.

Gia tano za kofiani: nilizizeesha kwa siki na chumvi ili zionekane zimekula miaka, kisha nikazibandika kwa gundi ya moto, ile ya bastola.

Kipimo cha mvuke tumboni: kifuniko cha shaba chenye uso wa karatasi iliyochapwa namba. Nacho kilizeeshwa kwa siki na chumvi, kisha kikabandikwa kwa silikoni ya bafuni. Ndevu zilikilalia pande zote.

Niliyafanya hayo usiku wa Ijumaa, na oda ilitakiwa Jumamosi asubuhi. Kusuuza nilisuuza, mara moja, chini ya bomba.

Kumfungua

Nilimlaza juu ya taulo jeupe chini ya taa, nikakata mishono ya ndevu kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Nilipoinua ndevu, upande wa ndani ulikuwa mbaya kuliko wa nje. Nje ilikuwa kijani cha majani machanga. Ndani ilikuwa kijani cha bluu, na nywele zimeshikana kama zilizomwagiwa sharubati. Kipimo kilikuwa na unga ukingoni pote, mweupe-kijani, unaobaki kidoleni kama chaki. (Vaa glavu. Mimi nilizivaa baada ya kugusa.)

Gia za kofiani zilikuwa na unga uleule, kidogo tu, kwenye mashina ya meno ambako maji ya bomba hayakufika vizuri. Miwani, ambayo nayo ilikuwa imelalia sufu muda wote ule, haikuwa na chembe ya kijani. Ilikuwa imefifia, imeingia rangi ya chai ya rangi, basi.

Basi sufu peke yake haikuwa mkosaji. Kama ingekuwa sufu tu, miwani nayo ingeota kijani. Unyevu wa birika peke yake nao haukutosha, maana rafu ni moja na mvuke ni mmoja. Tofauti ilikuwa siki na chumvi, na kwenye kipimo kulikuwa na la ziada: silikoni ile ya bafuni ni ya aina inayonuka siki inapokauka, na harufu hiyo ni asidi ya siki yenyewe ikitoka. Nilikuwa nimekipa kipimo asidi mara mbili, mara ya pili nikaifungia chini yake isipate pa kutokea.

Kinachotokea ni hiki. Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Asidi ya siki ikikutana na shaba, hewa na unyevu, hutoa kutu ya kijani, ileile ambayo wachoraji wa zamani waliifuga makusudi ili wapate rangi. Chumvi ni mbaya zaidi, kwa sababu kazi yake haiishi: ukiiacha kwenye vinyweleo vya shaba, kila unyevu ukirudi nayo huanza upya. Na sufu hurudisha unyevu kila siku. Inaweza kunywa maji hadi kama asilimia 30 ya uzito wake na bado ukiishika husemi imelowa. Isitoshe, sufu ina salfa ndani yake, na salfa hufifisha shaba na fedha. Rangi ya chai kwenye miwani nadhani imetoka huko.

Nilikaa nikamkumbuka bibi yangu. Alikuwa akisugua masinia na dele la kahawa kwa ndimu na majivu hadi unajiona uso. Hakuacha ndimu ikauke juu ya shaba hata siku moja. Alisugua, akasuuza, akasuuza tena, akaanika juani, kisha akapangusa kwa kitambaa kikavu. Sisi watoto tuliona anachelewesha chakula. Kumbe nusu ya kazi yake ilikuwa ni kuiondoa ndimu.

Mitungi mitatu

Sikutaka kukisia. Makumbusho wana njia yao: mwaka 1973 Andrew Oddy wa British Museum alibuni jaribio la kufungia vipande vya madini pamoja na kitambaa, mbao au gundi wanayotaka kuitumia kwenye makabati, ndani ya kichupa chenye maji kidogo, siku 28 kwenye nyuzi joto 60. Madini yakiharibika, kile kitu hakiingii kabatini. Sina tanuri la kuwasha siku 28, lakini nina mitungi ya jemu.

Nilichukua gia tatu za mfuko mmoja. Ya kwanza niliizeesha kwa siki na chumvi nikaisuuza kama nilivyofanya ile Ijumaa. Ya pili niliizeesha vilevile, kisha nikailoweka kwenye maji ya magadi soda ili kuua asidi, nikaipiga mswaki kwenye kila jino, nikaisuuza kwa maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya pasi na betri za gari, nikaikausha ovenini, nikaipaka vanishi ya madini pande zote. Ya tatu sikuigusa. Kila moja nikaifunika sufu ya Wensleydale, nikatia pamba iliyoloweshwa maji chini, nikafunga, nikaipanga juu ya hita.

Siku ya tatu mtungi wa kwanza ulikuwa umeshaanza kuchora sufu. Siku ya kumi nilifungua yote. Ya kwanza: kijani kama cha mteja. Ya tatu: rangi ya chai. Ya pili: kama nilivyoiweka. Mitungi mitatu si utafiti wa makumbusho, najua, lakini ilinitosha kuacha siki. Siku hizi uzee naupaka: rangi nyeusi ya akriliki iliyochanganywa na kahawia, unaipaka, unaifuta kabla haijakauka, inabaki kwenye mikunjo. Ukitaka kijani, kuna rangi ya kijani, na hiyo haiendi kokote.

Gia iliyoanguka ni jambo dogo na halihitaji mitungi. Gundi ya moto ikigusa shaba, shaba huunyonya ule moto mara moja, gundi inaganda kabla ya kung'ang'ania. Inakaa juu kama nta juu ya sahani. Na gia tayari ina matundu: ina tundu la katikati na mianya kati ya spoku. Ishone. Uzi uliotiwa nta, au waya mwembamba, mara tatu kupitia mianya, fundo ndani ya kofia. Penye uso usio na tundu, sugua kwa msasa ndipo utie epoksi.

Kipimo kinapima nini?

Nilipokwenda kumchukua kibabu, mteja alinisindikiza mlangoni akauliza, kwa dhati kabisa, "Hivi kile kipimo chake kilikuwa kinapima nini?" Sikuwa na jibu. Kilikuwa kinapima karatasi. Swali hilo lilinikaa kuliko doa. Wapenzi wa stimpanki wana lawama moja ya kale juu ya kazi zetu, kwamba tunabandika gia ambazo hazizungushi chochote, na nadhani wana haki. Mashine ya mvuke ilipendeza kwa sababu uliona kila kitu kinavyosukuma chenzake. Nikaamua tumboni hapatarudi pambo.

Nilitaka magurudumu mawili au matatu yanayoumana kweli. Hayapatikani kwenye mifuko ya gia za mapambo, kwa kuwa meno ya kila moja yana ukubwa wake na hayaingiani. Saa za ukutani za siku hizi zina gia za plastiki. Nikaenda soko la mitumba la Jumapili, nikapata saa mbili kuukuu za mezani, za kutia ufunguo, pauni chache. Kabla ya kuzigusa nikampigia mjomba, ambaye ametengeneza saa Mombasa kwa zaidi ya miaka 40.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Lete saa karibu na kamera. Karibu zaidi. Hizo namba zina rangi gani?"

"Kama haradali iliyoungua."

"Ni za kung'aa gizani hizo."

"Jana nilizima taa, mjomba, hazing'ai."

"Kutong'aa si usalama. Usiifungue. Iweke chini, kanawe mikono, ndipo tuzungumze."

Mjomba alikuwa sahihi, na hili ningependa kila anayevunja saa alijue. Kuanzia miaka ya 1910 hadi ya 1960 saa nyingi zilipakwa namba na akrabu kwa rangi yenye madini ya radiamu. Rangi hiyo ilikuwa na vitu viwili: radiamu inayotoa mionzi, na zinki salfaidi inayogeuza mionzi kuwa mwanga. Zinki salfaidi huchoka baada ya miaka, mwanga ukafa. Radiamu haichoki, huchukua miaka kama 1,600 kupungua nusu. Kwa hiyo saa iliyozimika bado ina mionzi ileile, na rangi yake kuukuu inabanduka kuwa vumbi unapofungua kioo. Mabinti wa viwandani kule New Jersey waliokuwa wakichonga ncha ya brashi kwa midomo ili wapake namba hizo waliugua mataya na mifupa, wengi wakafa, na kesi ya watano kati yao iliishia kwa makubaliano mwaka 1928. Saa ile niliifunga kwenye mfuko bila kuifungua, nikauliza halmashauri ya mji namna ya kuitoa nyumbani. Hakuna kofia ya kibabu inayostahili vumbi lile.

Ya pili ilikuwa na namba nyeusi za kuchapwa. Mjomba kwanza alitaka kujua kama imekufa kweli, kwani saa inayotembea kwake haivunjwi kwa ajili ya pambo. Nikamwonyesha: mhimili wa gurudumu linaloyumba umekatika. Akanyamaza kidogo, akaniruhusu.

"Kamani, hiyo springi yake, ina nguvu au imelegea?"

"Sijui, mjomba."

"Basi ina nguvu. Shika ufunguo kwa nguvu, inua kile kijino kinachoizuia, iache irudi robo, kishushe. Tena robo. Ukiifungua ikiwa imejaa itakuchana vidole."

Ilichukua dakika 20. Ndani, chini ya uso wa saa, kulikuwa na nilichokitafuta: magurudumu yale matatu yanayoifanya akrabu fupi izunguke mara moja kila ndefu inapozunguka mara 12. Yalikuwa pamoja tangu kiwandani, meno yake yanajuana. Nilikata kipande cha bamba la saa pamoja na vigingi vyake, nikaacha kila gurudumu mahali pake, nikarudisha akrabu zote mbili. Bamba nikalipaka vanishi. Meno nikayapaka nta, kwa sababu vanishi ingeyafanya yakwame. Shaba hii haikuwahi kuonja siki. Ilikuwa imezeeka yenyewe, na rangi hiyo siwezi kuiiga.

Nyuma ya bamba nilitia duara la ngozi nene, pana kuliko bamba kwa sentimita moja, nikalishona kwenye mwili kwa waya. Ndevu zinalala juu ya ngozi, hazigusi shaba. Ndevu za zamani nilizikata zote. Nilijaribu kusafisha kishungi kimoja, kijani kikapungua, lakini nywele zilibaki kavu na zinakatika, nami siwezi kumrudishia mtu ndevu za namna hiyo. Gia zote tano za kofiani ziliogeshwa kwa magadi, zikapakwa vanishi, zikashonwa.

Mteja alipompokea mwezi Machi aliuliza amweke wapi, mbali na birika? Nikamwambia amrudishe rafu ileile. Alizungusha akrabu ndefu kwa kidole, taratibu, akihesabu kwa sauti hadi 12, huku anaitazama ile fupi ikijongea.

Julai nilipita kumtazama. Niliinua ndevu, nikapangusa bamba, ukingo wa ngozi na sufu ya chini kwa karatasi laini nyeupe. Ilitoka nyeupe. Miwani imezidi kuingia rangi ya chai, nimeiacha. Kofiani nilikuta nukta moja ya kijani, ndogo kama punje ya mtama, kwenye gia ya juu kabisa, pale waya uliposugua vanishi hadi ikatoboka. Nimeikata waya ile, nimesafisha gia, nimepaka upya, na safari hii nimeishona kwa uzi wa kitani uliotiwa nta.